Mawimbi ya Tseikuru

Katika miaka yote niliyofundisha Tseikuru, kwenye ukame wa Kitui, sikupata mtoto hata mmoja aliyewahi kuona bahari. Wengi hawakuwa wameona hata mto wenye maji mwaka mzima. Mto kwao ulikuwa mchanga mpana unaochimbwa ili upate maji ya kunywa. Na bado watoto hao waliandika habari nyingi za mawimbi kuliko mabaharia, wakayaandika kwa maneno yale yale, katika aya ile ile, ya pili kutoka juu. Mtu aliyewafundisha hivyo alisifiwa, akapandishwa cheo, na kwa ninavyomjua hajawahi kuona haya. Nitaeleza ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Matinyani. Shuleni kwetu, miaka ya sitini, somo la aya lilichukua dakika chache tu. Mwalimu alisema tuweke vidole viwili kutoka ukingo wa karatasi, tuanzie hapo. Ni lini tuweke vidole, na kwa sababu gani, hakusema, na nadhani hakujua. Basi tuliviweka kila mkono ulipochoka, naye akatia alama ya vyema. Mtoto mwenye vidole vinene alionekana kuwa mwandishi hodari zaidi.

Nilifika chuo cha ualimu na vidole vyangu viwili, nikakutana na mwalimu wa kike asiyependa utani. Alichukua insha yangu kuhusu safari ya kwenda sokoni na baba, akatoa makasi, akaikata aya kwa aya mbele ya darasa. Akavichanganya vile vipande kama karata, akasoma kuanzia kipande cha juu. Darasa zima lilisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyegundua kwamba tulirudi nyumbani kabla hatujaondoka.

Akaniambia, "Aya ikihamishwa na mtu asijue, hiyo si aya. Umerundika kuni tu."

Nilimchukia wiki nzima. Halafu, kidogo kidogo, nikaanza kuona alichokuwa akisema. Aya mpya huanza pale jambo linapogeuka: mtu ameingia, saa imepita, umemaliza kueleza hili na sasa unataka kueleza lile lililotokana nalo. Ikiwa jambo ni refu, aya itakuwa ndefu. Ikiwa ni neno moja zito, liache lisimame peke yake, usilizungushie maneno mengine ya kulisindikiza. Ni jambo jepesi hata naona aibu kuliandika. Lakini nimekaa vyumba vya walimu karibu miaka ishirini na nimewapata wachache mno waliotaka kulisikia.

Nilipelekwa Tseikuru mwishoni mwa miaka ya sabini. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kipindi cha kusinzia. Hakikuwa kwenye mtihani, kwa hiyo kiliwekwa mchana baada ya chakula, na mwalimu yeyote aliyekosa la kufanya alitumwa akakifundishe. Mwalimu wetu mkuu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoomba chumvi, alizoea kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya wachuuzi wa mbuzi. Kisha, katikati ya miaka ya themanini, mfumo mpya wa elimu ukaja, na Kiswahili kikaingia mtihani wa darasa la nane, pamoja na insha. Mzee yule yule alisimama mbele ya wazazi akawaambia kwamba yeye amekuwa akikipigania Kiswahili tangu zamani. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Hapo ndipo alipotuletea Mtaalamu. Nitamwita hivyo kwa sababu mwalimu mkuu alimwita hivyo, bila kutabasamu. Alikuwa Mkamba mwenzetu wa upande wa Migwani, aliyefanya kazi ya ghala Mombasa miaka michache kabla ya kusomea ualimu. Kutoka huko alirudi na kofia ya kufuma na namna ya kuvuta maneno. Akikusalimia, unapata muda wa kufunga kamba za viatu kabla hajafika mwisho. Walimu wenzangu, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuparamia kama changu, walimsikiliza kama waumini wanaosikiliza lugha za Pentekoste: hawakuelewa sana, lakini waliamini roho ipo.

Mwezi wa kwanza alikata stensili na kutoa chapa kurasa alizoziita Aya za Dhahabu. Zilikuwa aya tano. Ya kwanza ilianza kwa methali. Ya pili ilieleza mandhari: jua lilikuwa limeinamisha uso wake kama bibi arusi, na mawimbi ya bahari yalikuwa yakiuramba ufuo kwa upole mithili ya ng'ombe amrambaye ndama. Ya tatu ilileta balaa, ya nne ikaleta mwokozi, na ya tano ikasema kwamba tangu siku hiyo nilijifunza. Kila aya ilikuwa na mistari minane, isizidi wala isipungue. Kazi ya mtoto ilikuwa kukariri, na siku ya mtihani kuchomeka mada iliyoulizwa katika nafasi zilizoachwa. Ukiulizwa kuhusu arusi, unachomeka arusi. Ukiulizwa kuhusu ajali ya barabarani, unaipeleka ajali ufuoni.

Nilimuuliza, kwa adabu, kwa nini bahari. Alinijibu kwamba Kiswahili bila bahari ni kama chai bila sukari. Nikamwambia watoto wetu wengi hunywa chai bila sukari, na wanaishi. Alinihurumia kwa macho, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Wakati huo mimi ndiye niliyefundisha darasa la nane. Katika darasa hilo kulikuwa na msichana mmoja, binti wa mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka kaskazini mashariki akaweka makao pale mjini. Watu wa kwao walikuwa Waislamu, wana duka karibu na mnada, na nyumbani walizungumza lugha yao. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kazi: alikitumia kumwambia mnunuzi Mkamba kwamba mbuzi huyu hana ugonjwa, na kumwambia dereva wa lori asiwabane wanyama. Kwa hiyo hakuwa na neno la pambo hata moja. Aliandika kama mtu anayejua kwamba asipoeleweka atapata hasara.

Niliwapa mada ya siku wasiyoisahau, nikawakataza kutumia ukurasa wa Mtaalamu. Msichana huyo aliandika kuhusu ngamia wa maziwa wa mama yake, aliyeuzwa wakati wa ukame. Aya ya kwanza ilikuwa ndefu, karibu ukurasa mzima, na yote ilihusu asubuhi: jinsi mama alivyokamua mapema kuliko kawaida, jinsi alivyokaa na kibuyu bila kukifunika, jinsi nzi walivyokuja na hakuwafukuza. Hakusema kwamba mama alikuwa na huzuni. Kisha akaweka vidole vyake viwili na kuandika aya ya pili, nami ninaikumbuka mpaka leo: "Baba alikuja na kamba. Mama akampa njia." Basi. Aya ya tatu ilikuwa alasiri, na ndani yake mama alikiosha kibuyu, akakianika juani, jioni akakiingiza ndani, kesho yake akakianika tena kingali kikavu.

Niliisoma nikiwa nimesimama dirishani katika chumba cha walimu. Ningekata insha ile kwa makasi na kuichanganya, ingelia. Niliipa alama nyingi kuliko nilizowahi kumpa mtoto yeyote, nikaiacha mezani, nikaenda kufundisha.

Niliporudi, Mtaalamu alikuwa ameisoma, na kalamu yake nyekundu ilikuwa imepita. Aya ya mistari miwili aliizungushia duara na kuandika kando: haijakamilika. Juu ya insha aliandika kwamba haina methali, haina tashbihi, haina mafunzo. Pembeni ya aya ya kwanza aliongeza kwa mkono wake lile jua la bibi arusi, akachora mshale kuonyesha mahali pa kuingiza mawimbi. Ngamia wa mama yake yule msichana sasa alitakiwa kuuzwa kando ya bahari.

Nilimwuliza nani alimruhusu kusahihisha kazi ya darasa langu.

"Dada yangu," akasema, akivuta kama kawaida yake, "unamharibu mtoto. Mtahini hana muda wa kujua habari za kibuyu. Anataka kuona aya tano."

"Na kama habari yenyewe ni ya aya tatu?"

"Basi mtoto aongeze mbili."

Katika mkutano wa walimu uliofuata nilikuja na makasi. Najua ilikuwa kiburi, na sijutii. Niliikata insha yake ya mfano, ile aliyoiandika mwenyewe ili tuibandike ukutani, nikazichanganya zile aya za katikati na kuwasomea wenzangu. Mwokozi alifika kabla ya balaa. Jua lilikuchwa, kisha likachomoza, mawimbi yakaendelea kuramba. Nilipomaliza niliwauliza kama wameona kosa. Mwalimu wa hesabu alisema imependeza sana, tena afadhali leo kuliko Mtaalamu alipoisoma jana. Wawili watatu walicheka, lakini waliponitazama wakaona sichekeshi, wakanyamaza. Nikaeleza nilichofanya na maana yake. Nilieleza vizuri, hata mimi nilijisikia naeleza vizuri.

Mwalimu mkuu alishukuru. Kisha akasema kwamba shetani hupenda kuingia pale watu wanapofanya kazi kwa umoja, na kwamba kuanzia Jumatatu darasa la nane litachukuliwa na Mtaalamu, nami nitasaidia darasa la tatu, ambako, alisema, kipaji changu cha kukata karatasi kitafaa zaidi. Kicheko safari hii kilikuwa cha wote.

Nilikwenda darasa la tatu. Kuta zilikuwa nyembamba, na kila asubuhi niliwasikia watoto niliowaacha wakikariri upande wa pili. Walianza na methali, wakashuka hadi kwenye jua, wakafika kwenye mawimbi, na hapo sauti zilipanda kwa sababu Mtaalamu alitaka waonyeshe hisia. Nje, punda walipita wakiwa na madumu ya maji yaliyochotwa kutoka mashimo ya mtoni. Watoto wangu wadogo nao walianza kukariri wakisikia, na walipokwenda nyumbani waliwaimbia mama zao. Sauti ya yule msichana niliitambua katikati ya nyingine. Hakuwa mtoto wa kukaidi. Aliambiwa hii ndiyo njia ya kufaulu, akaishika kama alivyoshika kila kitu, sawasawa.

Mtihani ulifanywa, tukafunga shule. Kabla hatujafungua, Mtaalamu alipata cheo: alihamishiwa mjini Kitui awe mshauri wa walimu wa lugha katika wilaya nzima. Mwalimu mkuu alimfanyia sherehe ya kuku na mahubiri.

Matokeo yalipokuja, ya shule yetu yalizuiwa. Hatukuambiwa sababu. Baada ya muda alikuja afisa wa elimu, mtu mpole mwenye kikohozi, akaomba watoto waliofanya mtihani waitwe. Walikuja wakiwa wamevaa sare zilizokwisha kuwabana mabegani. Alinitaka niwepo kwa kuwa ndimi niliyekuwa mwalimu wao hapo kwanza, na mwalimu mkuu akakaa kando yake akifuta miwani.

Afisa alitoa karatasi mfukoni. Alisema anataka kuwasomea sentensi moja na kuuliza ni nani aliyeiandika. Akasoma polepole: "Jua lilikuwa limeinamisha uso wake kama bibi arusi."

Nadhani alitaka kuendelea kuuliza. Hakupata nafasi. Darasa zima lilisimama, kama lilivyofunzwa kusimama, na kuendelea pamoja kwa sauti moja: na mawimbi ya bahari yalikuwa yakiuramba ufuo. Walikwenda mpaka mwisho wa aya, mistari yote minane, wakipandisha sauti panapotakiwa hisia. Walifurahi. Walikuwa na hakika kwamba mgeni amekuja kuwapa zawadi. Yule msichana alikuwa mstari wa mbele, mikono imenyooka ubavuni, na alitamka kila neno vizuri kuliko wote.

Walipokaa, afisa alikohoa kwa muda. Kisha akawauliza ni nani kati yao aliyewahi kuona bahari. Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza ufuo ni nini. Mvulana mmoja alisema ni aina ya chumvi ya kulambwa na ng'ombe, na ukitazama ile sentensi utaona kwamba alikuwa ametumia akili kuliko aliyeiandika.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alituambia kwamba wasahihishaji walidhani watoto wameonyeshwa insha moja chumbani, na kwamba yeye sasa ataeleza haikuwa wizi. Alieleza, na matokeo yakaachiliwa, lakini insha za shule nzima zilipewa alama za chini kabisa. Watoto waliotarajiwa kwenda shule za bweni walikosa nafasi. Huko Kitui, Mtaalamu aliulizwa, akajibu kwamba kurasa zake zilikuwa mwongozo tu, na kwamba walimu wa Tseikuru walizitumia vibaya kwa sababu Kiswahili chao ni dhaifu. Aliaminiwa. Kwa nini asiaminiwe? Alilisema jambo hilo kwa Kiswahili cha kuvuta.

Mwalimu mkuu naye aliwakusanya wazazi, akawaambia kwamba Mungu huwajaribu awapendao. Sikusikia lingine, nilitoka.

Baba wa yule msichana alinifuata nje. Alikuwa mtu mrefu, mwenye pesa na mwenye dharau ya mtu mwenye pesa, na sidhani kama alikuwa amewahi kusema nami kabla ya siku hiyo. Aliniomba nimweleze kosa la binti yake, kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa amezungumza muda mrefu na yeye hakupata kitu. Nilimwambia kwamba watoto wote walifundishwa aya moja, na wote waliipeleka kwa mtahini.

Alifikiri, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nikimuuza mbuzi mmoja kwa kila mtu mnadani, nitalala polisi. Huyu wenu mmempa ofisi."

Nilimwambia hajakosea. Akauliza kama binti arudie darasa au amtafutie mume. Nilimwambia arudie, nami nitamfundisha mwenyewe. Hakunipa jibu siku hiyo. Lakini shule ilipoendelea nilimwona binti langoni, katika sare mpya, mkubwa kuliko wenzake, akitazama chini.

Darasa la nane nilirudishiwa. Mwalimu mkuu hakutubu. Hakukuwa na mwingine aliyelitaka. Nilidhani kazi itakuwa rahisi, na hapo nilijidanganya. Aya za Dhahabu zilikuwa zimeingia ndani ya watoto kama vumbi linavyoingia katika unga. Nilimpa yule msichana mada ya mnada, mahali alipokulia, akaniletea methali, jua na bibi arusi. Nikamrudishia. Akaniletea tena bila bahari, lakini mahali pa bahari aliweka ziwa. Nilimuuliza kama anakumbuka ile insha ya ngamia. Alisema anaikumbuka, na kwamba alikuwa mjinga wakati ule, hakujua kupanga aya.

Nilikaa naye chini ya paa la jikoni la shule, akiwa na daftari magotini. Nilimwambia asiandike kitu, anisimulie tu mnada wa wiki ile. Alianza kwa kusitasita. Kisha akafika kwa mzee mmoja aliyekuja na fahali kipofu akitaka kuficha upofu wake, na akasahau kwamba mimi ni mwalimu. Aliponyamaza kabla ya kumwingiza mnunuzi, nilimwambia, "Hapo. Ulipovuta pumzi. Weka vidole vyako hapo."

"Hata kama ni mistari mitatu tu?"

"Hata ukiwa mmoja."

Alinitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki. Walimu walikuwa wamemwambia mengi. Muhula mzima ulipita hivyo, nikimsikiliza, akivuta pumzi, akiweka vidole. Wengine darasani walikuja polepole zaidi, na wengine hawakuja kabisa. Mvulana wa chumvi ya ng'ombe, aliyerudia darasa kama yeye, aliandika mawimbi mpaka siku ya mwisho, na sikuweza kumkasirikia.

Ningependa kusema kwamba binti yule aliongoza wilaya. Hakuongoza. Alipata alama nzuri za insha na za wastani katika hesabu, akachukuliwa na shule ya kutwa ya wasichana, na baba yake, baada ya kulalamika kwa watu wote wa sokoni, alilipa. Miaka ya tisini ilipoanza nilihamia Makueni, kwa watu wa mume wangu, na huko nilisikia kutoka kwa dereva wa lori la mifugo kwamba binti yule amemaliza shule na sasa ndiye anayeendesha duka la baba yake na kumwandikia maombi yote ya vibali. Dereva alisema maafisa wanamwogopa kidogo. Akiwaandikia, wanaelewa mara moja anachotaka, na wanakosa pa kujificha.